Raba Kwanza, Rangi Baadaye

Nadhani wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba kiangazi kilichopita nilikataa kulitoa gari la marehemu mjomba wangu kumchukulia biharusi. Biharusi mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, na gari hilo limechukua maharusi wa ukoo wetu tangu mjomba alipolinunua jipya hapa Uingereza mwaka 1969. Yamesemwa mengi. Wako waliosema mwalimu amezeeka na uchoyo umemwingia, na wako waliosema kuwa namlipizia mtoto mambo ya zamani baina yangu na baba yake. Sikumjibu mtu. Sasa nimepewa nafasi katika kitabu chetu cha mwaka, nami nataka kuitoa sababu yangu mbele ya jamaa wote, maana naamini haihusu gari langu peke yake.

Sababu yenyewe ni raba za milango.

Najua yuko atakayecheka. Raba ya mlango ni kitu gani hata kimvunje mtu ahadi ya arusi? Namwomba asicheke kabla hajafika mwisho.

Gari ni Morris Minor, lile lililosanifiwa na Alec Issigonis na kuonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Wazee wetu walilijua vizuri tangu kwetu, maana lilikuwa likionekana sana katika njia za Afrika ya Mashariki. Ni gari la kupendeza, lakini lina jambo moja ambalo kila mwenye nalo hana budi kulijua. Halina fremu nzima ya chuma chini yake kama lori. Sakafu, vizingiti vya milango na bodi yenyewe ndivyo vinavyolibeba, na viti vimefungwa kwa skurubu katika sakafu hiyo hiyo. Sakafu ikioza, si pambo lililoharibika. Ni uti wa mgongo.

Basi raba inaingia wapi? Raba hukaa baina ya mlango na bodi, na mlango ukifungwa hubonyea ikaziba nafasi yote. Adui zake ni jua, joto na ozoni iliyomo hewani. Kwa miaka hukauka na kupasuka, na ile ya sponji hubaki imelala hata mlango ukiwa wazi, haina tena nguvu ya kuinuka. Kutoka hapo mvua hupita. Maji hushuka chini ya zulia, yakanywewa na ile pamba nzito iliyotandikwa juu ya chuma. Zulia juu utalikuta kavu, chini kuna kinamasi msimu mzima wa baridi. Kutu huanza kula kutoka ndani, na huku nje rangi inang'aa.

Haya siyasemi kwa kuyasoma tu. Mwaka 2019 nililipeleka gari likapakwa rangi upya kwa paundi 3,500. Raba za milango yote minne zilikuwa zimepasuka, nami niliziona kwa macho yangu. Seti mpya ilikuwa paundi 120. Nikasema, hizo mwakani. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mikono kuliko mimi, aliniambia, "Mjomba, unalivisha joho gari hili na huku kanzu ya ndani imeoza." Nilimkemea kwa kukosa adabu.

Mwakani ikawa mwakani nyingine. Wiki tatu kabla ya arusi niliyoitaja, nilifungua mlango nikasikia harufu ya blanketi bichi. Tukainua zulia. Mpwa wangu alichukua bisibisi akaibonyeza pale wanapoweka miguu wanaokaa nyuma, nayo ikazama kama kisu katika boflo. Hakusema neno, na kimya chake kilinichoma kuliko maneno. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii nimewaandikia watoto ubaoni kwa miaka thelathini na minne, Unguja na hapa, wala mwenyewe sikuisikia. Ukuta wangu ulikuwa paundi 2,400 za kuchomelea sakafu na vizingiti.

Sasa niambieni, ningemkalisha wapi biharusi, na wale watoto wadogo wanaopenda kubanana naye nyuma? Nilimwambia dada yangu, "Chuma cha gari kimeoza." Akanijibu, "Mbona linameta?" Hilo ndilo kosa letu sote kwa maneno mawili.

Nasema letu sote kwa sababu familia zetu kadha wa kadha hapa zimeweka magari ya kale ya wazee wao, na kila kiangazi hutolewa kwa arusi na sikukuu. Tangu tarehe 20 Mei 2018 sheria ya hapa imeyasamehe ukaguzi wa MOT magari yaliyopita miaka 40, maadamu hayakubadilishwa sana. Wengi tuliifurahia habari hiyo. Lakini sheria haikumsamehe mwenye gari wajibu wa kuhakikisha kuwa gari ni salama barabarani. Mkaguzi ameondoka, dhamana imebaki kwetu. Mwaka ule wa 2019 gari langu lilikuwa na miaka hamsini, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza ila nafsi yangu, nayo ilikuwa ikitazama rangi.

Wako wasemao kuwa magari ya kale yalivuja tangu yalipokuwa mapya. Ni kweli hayakuzibwa kama ya siku hizi. Lakini baina ya tone moja na kinamasi pana tofauti kubwa, na gari jipya la mwaka 1969 halikuwa na miaka hamsini ya kutu mgongoni. Wako pia wasemao gari la maonyesho halihitaji haya kwa kuwa hutoka mara tatu kwa mwaka. Mimi naona kinyume chake. Gari linalosimama ndilo linalooza, kwa sababu hakuna anayeingia ndani akakanyaga majimaji. Na jamaa zetu walioko Maskati wasijione wamesalimika. Huko mvua ni chache, lakini jua huikausha raba, na vumbi nalo halibishi hodi.

Kabla ya kununua raba, kwanza tafuta maji yanapoingia. Tulipokuwa watoto chuoni, paa la makuti lilipovuja, maalimu alitufundisha tusitazame pale tone linapoangukia, maana maji hutembea juu ya upau ndipo yadondoke. Gari ni hivyo hivyo. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, aanze chini na kupanda juu polepole. Kisha banisha kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, pale raba imekufa. Tazama pia vitundu vilivyo chini ya mlango. Maji yapitayo kando ya kioo huingia ndani ya mlango na kutokea hapo, na vikiziba kwa takataka mlango huwa ndoo, raba ikasingiziwa bure.

Ukishanunua, usinunue nene kwa tamaa ya kuziba zaidi. Mlango hautafunga, utaubamiza mpaka bawaba zilegee. Safisha gundi ya zamani yote. Fanya kazi siku ya joto, raba iwe laini. Na kubwa kuliko yote, usiivute unapoibandika. Raba iliyovutwa itarudi udogo wake na kuacha mwanya kwenye pembe. Isukume taratibu, ikate ndefu kidogo, na kiungo kiwe chini ya mlango. Baadaye ipake silikoni mara moja au mbili kwa mwaka, si mafuta ya injini.

Kazi hii ilituchukua mimi na mpwa wangu Jumamosi mbili, yeye akiongoza na mimi nikishika tochi. Nilimwomba radhi. Nimemwomba radhi pia mtoto wa dada yangu, si kwa kumnyima gari, bali kwa kuliacha likafika hali ya kumnyima.

Pendekezo langu ni hili: gari lolote la jamaa lisitolewe kwa arusi mpaka zulia lake liinuliwe mbele ya watu wawili, na kila mwaka lipelekwe kukaguliwa kwa hiari ingawa sheria hailazimishi. Fedha za raba zitangulie fedha za rangi.

Gari la mjomba lipo, raba mpya, sakafu nzima. Atakayelitaka kiangazi kijacho na aje, karibu sana. Lakini kwanza nitamwomba aniinulie zulia la gari lake.

Wabillahi tawfiki.