Acheni Kupickle Pesa za Chama

Wasee, nitasema na mnichukie: ukiandikia chama mfumo wa Python halafu rekodi zao uhifadhi kwa pickle, unacheza na pesa za watu.

Najua jibu lenu. "Pickle inakubali kila kitu, JSON ina maringo." Si kweli. Nambari, maneno, orodha, seti, tarehe, hata vitu vya klasi yako, sawa, inafungasha. Lakini ipe faili iliyo wazi, muunganisho wa sqlite3 ama lambda, itagoma. Na iko sahihi. Ukihama Bondeni kwenda Kaptembwo, mkokoteni unabeba godoro na sufuria. Stima haubebi, ukifika unaunganishwa upya. Muunganisho wa databesi ni stima hiyo.

Mimi shida yangu iko kwa vile inavyokubali. Ukifungasha kitu cha klasi "Mwanachama", pickle haibebi msimbo wa hiyo klasi. Inabeba data, jina la klasi na moduli inakopatikana, basi. Mwezi ujao unabadilisha jina la klasi, na rekodi za kina mama zinakataa kufunguka. Data iko hapo, lakini inaulizia mtu aliyehama.

Na kuna mbaya zaidi. Kufungua pickle kunaweza kuendesha msimbo wowote uliofichwa ndani. Nyaraka za Python zenyewe zinaonya: usifungue data usiyoiamini. Na vile sisi hurushiana mafaili WhatsApp kama njugu!

"Lakini JSON haijui tarehe." Ndio, haijui. Seti pia haijui. Sasa angalia Daraja ya Safaricom: STK push ikilipwa, majibu yanakuja kwa JSON, na muda wa muamala ni nambari ya tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Malipo kibao ya nchi hii yanapita hapo. Wewe na chama cha watu ishirini unalia nini?

Hifadhi jina, kiasi na tarehe kwa JSON ama SQLite. Kitu chenyewe utakijenga upya ukifungua. Pickle iachie kazi za muda mfupi kwa mashine yako mwenyewe. Mweka hazina akiulizwa 2030 nani alitoa ngapi, faili isomeke hata kama wewe ulishahamia Nairobi na hushiki simu.