Kioo cha pili kizimwe: siri ya mteja si ya watu wa benchi

Juma lililopita niliingia katika sekretaria moja hapa Butembo, zile nyumba ndogo ambamo tunachapisha barua, CV na fomu za serikali. Nilitaka kutoa karatasi mbili tu. Kijana wa kazi alikuwa anaandika huku akitazama ekra kubwa iliyokuwa mbele yake. Kando, laptop yenyewe ilikuwa wazi, na kioo chake kiligeukia benchi ambapo sisi wateja sita tulikaa tukingojea zamu. Kila neno alilopiga kwenye klavie lilitokea pia mbele ya macho yetu.

Aliyekuwa anaandikiwa ni mama mmoja. Aliongea kwa sauti ya chini, karibu na sikio la yule kijana, kwa sababu hakutaka tusikie. Hatukusikia, lakini tulisoma. Ilikuwa ni barua ya mashitaka kwa parke. Juu kulikuwa na jina lake, namba yake ya simu na mtaa anaoishi. Chini yake, jina la mtu anayemshitaki. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe ni yule!"

Nilimwendea kijana, nikamwambia polepole: "Mdogo wangu, zima hicho kioo cha pembeni." Akanijibu: "Yaya, nikifunga ordinatere, kazi yote inalala."

Hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba kioo cha laptop kinaweza kuzimwa peke yake, mashini ikaendelea na kazi kwenye ekra kubwa. Ndiyo sababu ninaandika leo. Kwa maoni yangu, kila mtu anayepokea siri za watu na kutumia ekra mbili anapaswa kuzima ile ambayo haitumii. Na mteja ana haki ya kudai hivyo.

Tuanze na namna ya kufanya, maana inachukua sekunde tano. Kwenye laptop yenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Mistari minne itatokea. Mashini nyingi za hapa kwetu ziko katika Kifaransa. Ukikuta umechagua "Dupliquer", maana yake vioo vyote viwili vinaonyesha kitu kimoja, kama ilivyokuwa kwa yule kijana. Chagua "Deuxième écran uniquement". Kioo cha laptop kitakuwa cheusi, na kazi itabaki kwenye ekra kubwa peke yake.

Kuna wanaopenda kufunga laptop kabisa ili ipate nafasi mezani. Hiyo pia inawezekana, lakini ingia kwanza kwenye "Options d'alimentation", tafuta sehemu ya kufunga kifuniko, uweke "Ne rien faire". Bila hivyo mashini italala, kama kijana alivyosema. Ukifunga, utahitaji klavie na maus za nje. Wenye Mac wanahitaji pia kuichomeka kwenye umeme. Mimi ningeshauri kuiacha wazi na kioo kikiwa cheusi, kwa sababu laptop nyingine hupumua kupitia klavie, na ukizifunga mchana kutwa zinapata joto sana.

Wengine hupunguza tu mwangaza. Hiyo haitoshi. Kwenye mashini nyingi, mwangaza ukiwa chini kabisa, mtu aliye karibu bado anasoma.

Najua wenye sekretaria watasema nini. Kwanza watasema kwamba mteja anataka kuona barua yake ili arekebishe makosa. Ni kweli, na ana haki hiyo. Lakini anayetakiwa kuona ni mteja huyo mmoja, si benchi nzima. Mwite apite upande wako, asome kwenye ekra kubwa, kisha arudi mahali pake. Asiyejua kusoma, msomee kwa sauti ndogo.

Pili watasema kuhusu umeme. Hapa nawaelewa kabisa. Umeme ukikatika, ekra kubwa inakufa palepale, na laptop inaendelea kwa betri yake lakini kioo chake kimezimwa. Unabaki na giza pande zote mbili, na barua ya mtu iko ndani. Wengi wanaogopa, wanabonyeza kitufe cha kuzimia mashini, na kazi inapotea. Usifanye hivyo. Chomoa kamba inayotoka kwenye ekra kubwa pale inapoingia kwenye laptop. Kwa kawaida picha inarudi kwenye kioo cha laptop baada ya sekunde chache. Barua iko palepale ulipoiacha. Ihifadhi, ngoja umeme urudi au uwashe jenereta, kisha uchomeke kamba tena.

Sitadanganya watu kwamba kuzima kioo kutapunguza sana gharama ya mafuta ya jenereta. Ekra kubwa ndiyo inayokula umeme zaidi. Faida kubwa ni ile siri.

Kuna watakaosema ninakuza jambo dogo. Basi niseme yaliyonipata mimi mwenyewe, na aibu ni yangu.

Kwenye redio tunafanya vilevile. Laptop imefungwa na ekra kubwa, mtangazaji anatazama ekra, na mgeni anakaa ng'ambo ya meza. Siku moja nilimpokea mgeni wa kipindi, na WhatsApp yangu ilikuwa wazi. Niliangalia ekra yangu tu, nikasahau kwamba kioo cha laptop kilikuwa kimeelekea upande wake. Mtu mmoja kutoka kijijini alikuwa amenitumia ujumbe juu ya watu wenye silaha wanaotoza pesa barabarani. Mgeni alisoma jina. Baada ya kipindi akaniambia akicheka: "Kumbe fulani ndiye anawapa habari."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilimpigia yule mtu, nikamweleza ukweli. Hakunitukana. Alisema tu: "Asante kwa kuniambia." Tangu siku hiyo hakunitumia tena ujumbe hata mmoja, na kijiji chake hakisikiki tena kwenye kipindi chetu. Ninashukuru Mungu kwamba yuko salama. Lakini hapa kwetu, ambako mtu anaweza kuuawa kwa sababu ya neno alilosema, ningeweza kuwa na maiti kwenye dhamiri yangu kwa sababu ya kioo ambacho hata sikuwa ninakitazama.

Sheria nayo iko. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari binafsi za watu. Lakini tusingoje polisi waje kutufundisha kubonyeza vitufe viwili.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Wenye sekretaria, wafundisheni vijana wenu leo, kabla ya kufungua mlango. Wakuu wa redio, wa vituo vya afya na wa ofisi za serikali, kaeni kwenye kiti cha mgeni na mwangalie kile anachokiona. Nasi wateja, tusione haya kusema: "Mwanangu, zima kile kioo kwanza, ndipo nitaje jina."

Yule kijana wa sekretaria nilimwonyesha vile vitufe, akajaribu mwenyewe, kioo kikawa cheusi. Mama aligeuka, akatutazama sisi wa benchi mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipojua kwamba tulikuwa tumesoma. Alivuta kitenge chake begani, akaomba barua yake, akaondoka bila kumwangalia mtu. Kwake tulikuwa tumechelewa.