Tuanze na mfuko, mkanda wa mgongo utafuata

Leo naweka programu kando kidogo. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kupeleka EksoVest kwenye viwanda vyake 15. Ni kizibao cha springi kinachoshikilia mikono ya mtu anayefanya kazi juu ya kichwa chake. Hakina mota wala betri. Kuna ndugu yake wa mgongo: mikanda ya mpira kutoka mabegani hadi mapajani. Ukiinama inavutika, ukiinuka inakurudishia nguvu ile, na misuli ya kiuno inapata nafuu.

Sasa ulete mkanda huo Kitengela, lori la simiti likisimama kando ya barabara ya Namanga. Kijana mmoja yuko juu, anainama kuvuta mifuko ya kilo 50. Wenzake wako chini, wanapokea mgongoni na kutembea hadi stoo. Mkanda unamfaa yule wa juu tu. Wa chini shida yao ni uzito wenyewe, unaoshukia uti wa mgongo na magoti. Hakuna mpira wa kuupunguza huo.

Na utafiti wa kwetu upo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, na wa Kijaluo, wanaobeba kichwani. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo! Juu ya hapo gharama ilianza kupanda. Piga hesabu kwa kijana wa kilo 65: asilimia 20 ni kilo 13. Mfuko wa simiti ni karibu asilimia 77.

Kwa hiyo mimi nasema tuanze na mfuko. Uingereza ule wa kilo 25 ni wa kawaida. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo unaoweza kumuumiza, lakini kibarua anayelipwa kwa mfuko, mwajiri wake ni nani hasa? Hapo ndipo ninapoogopa mikanda ikija peke yake. Mwenye mzigo ataona kazi imekuwa rahisi, atapunguza malipo, na kijana atabeba mifuko mingi zaidi kwa mgongo uleule.

Kwa yule wa juu ya lori, na kwa wachimba mawe wa Kajiado wanaoinama kutwa, wazo bado ni zuri. Ni mpira, turubai na mishipi tu, vitu ambavyo fundi wa viatu anavijua. Nikipata wa kunishonea mmoja nitaweka picha hapa.