Muziki Bado Haujaisha

Kila wimbo mpya unapotoka ukafanana na wa wiki iliyopita, husemwa yaleyale: muziki umekwisha, hakuna jipya, tunachofanya sasa ni kurudia. Wanasema hivyo wazee waliokulia kwenye dansi, watangazaji wa redio, hata baadhi ya maprodyuza. Wanasema kwa uchungu, kwa sababu muziki wanaupenda, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine. Mimi nasema si kweli. Naona pia kauli hii inawavunja moyo vijana walio studio leo, wanaoanza kutunga huku wameshaambiwa kwamba wamechelewa.

Wanaanza na hesabu. Noti za kinanda ni kumi na mbili tu, kisha zinajirudia juu na chini. Binadamu ameimba kwa maelfu ya miaka, basi lazima tuni zimekwisha. Watetezi wa hoja hii hupenda kumtaja Damien Riehl, mwanasheria wa Marekani, na mwenzake Noah Rubin, mtaalamu wa programu. Wawili hao waliiagiza kompyuta itoe kila tuni inayoweza kupatikana kwa noti nane katika hatua kumi na mbili. Zikatoka zaidi ya bilioni 68, wakaziweka kwenye diski na kuziachia umma, ili mtunzi asiburuzwe mahakamani kwa sababu tu tuni yake imegongana na ya mwingine.

Sasa tazama kilichokosekana kwenye diski ile. Noti zote zina urefu mmoja. Hakuna mdundo, hakuna maneno, hakuna koo la mtu wala kidole kinachochelewa kidogo kwenye uzi wa gitaa. Ile ni orodha, na hakuna aliyewahi kuamka usiku kuicheza. Isitoshe, sisi Waswahili tunajua zaidi ya wengi jinsi kipimo kidogo kinavyoweza kubeba mambo yasiyokwisha. Utenzi una mizani nane kwa kila mshororo, shairi lina kumi na sita. Muyaka bin Haji alitunga kwa kipimo hicho Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, na magazeti yetu yamechapisha mashairi ya kipimo hichohicho mpaka zama zetu. Sijasikia mtu akidai kwamba mizani imekwisha. Na Wagogo wa Dodoma hujenga nyimbo zao kwa sauti nne au tano tu. Kwa sauti hizo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliushangaza ulimwengu kwa ilimba yake, ala ya vidole gumba.

Mahakama pia zimeanza kuliona hili. Mwezi Mei 2023, baraza la wazee wa mahakama mjini New York liliamua kwamba Ed Sheeran hakuuiba wimbo wa Marvin Gaye, ingawa mfuatano wa kodi (chords) katika nyimbo hizo mbili ulikuwa karibu sawa. Mfuatano ule ni mali ya kila mpiga gitaa duniani.

Hoja inayofuata inagusa heshima yetu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Wanasema muziki wa Afrika Mashariki haujawahi kuwa wa kwetu: taarab tuliipata Misri, dansi Cuba na Kongo, rap Marekani, na siku hizi tunachota amapiano Afrika Kusini. Kupokea tumepokea, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni imani kwamba anayepokea hawezi kuanzisha kitu.

Taarab ndiyo ushahidi mkubwa. Iliingia jumba la Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kutoka 1870 hadi 1888, ikitokea Misri, na klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika familia ya watumwa. Udi alioimbia ulikuwa uleule, na fidla ileile. Hakubuni ala hata moja. Lakini aliimba Kiswahili, na aliimba habari za watu wa mjini ambao jumba la kifalme halikuwa na haja nao. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke ambayo mji mzima uliyajua, na hukumu iliyowaangukia mashahidi wakati muuaji ametoroka. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Mpokeaji yule aliifanya taarab iwe yetu, na jambo hilo halikuwepo kabla yake.

Miaka mingi baadaye Bi Kidude alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa sauti yake nzito yenye mikwaruzo, yeye aliyeilea pia ngoma ya unyago. Aliziimba karibu mpaka kifo chake mwaka 2013. Hakuna anayemsikia Bi Kidude akadhani anamsikiliza Siti.

Au chukua benga. Gitaa halikuzaliwa kando ya Ziwa Victoria. Vijana wa Kijaluo walilishika wakalipiga kwa vidole vilivyokwisha kuuzoea mchezo wa nyatiti, ala ya nyuzi nane ya wazee wao. Likatoka gitaa linalokimbia na besi inayoruka, namna ambayo hakuna mwalimu wa Ulaya aliyeifundisha. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliifikisha benga mbali akiwa Kenya. Santuri zake na za wenzake zilifika hadi Zimbabwe, na huko wapiga gitaa walizipokea wakaanza safari yao wenyewe. Nani hapo mwizi?

Na wale wanaoikumbuka dansi kama zama za ubunifu mtupu wakumbuke pia kwamba ilianza kwa vijana kuigiza santuri za Cuba. Walichoongeza ni mtindo. Bendi isiyo na mtindo wake ilikuwa bendi isiyo na jina: Vijana Jazz na Pamba Moto yao, Maquis na Kamanyola. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Dai la tatu ni kwamba kompyuta imeua ubunifu, kwa kuwa kila kijana anatumia programu ileile na sauti zilezile zilizokuja tayari ndani yake. Jibu langu ni singeli. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, muziki uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, spika zikikoroma kwa kuzidiwa, na ngoma za pwani zikifoka chini yake. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati waliurithi ukali huo wakaupeleka kwenye kompyuta. Walikata kipande kifupi cha taarab, wakakizungusha bila kukiachia, wakakiongezea kasi mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, mengine yakikaribia 300. Juu yake MC anamwaga maneno kwa pumzi moja. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso, na muziki huo ukawafikia wasikilizaji wa Ulaya. Programu zilizotumika zinapatikana kwa mtu yeyote mwenye kompyuta kuukuu. Kilichokuwa cha mitaa ile peke yake ni masikio yaliyokulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na taarab ya rusha roho.

Kuhusu akili bandia nitasema machache. Programu kama Suno na Udio, ambazo makampuni makubwa ya rekodi yalizishtaki mwezi Juni 2024, hujifunza kutokana na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Ulishe mtambo kama huo kanda zote zilizokuwepo Dar es Salaam mwaka 1995, naamini ungekupa taarab nzuri na mchiriku mzuri. Sioni ungepata wapi sababu ya kukimbiza kipande cha taarab mpaka kivunjike.

Imebaki hoja moja, na hii ina ukweli ndani yake: washa redio, nyimbo kumi zinazofuatana zinafanana. Ndiyo. Msanii anaingia studio akiomba biti kama ya wimbo unaotamba, prodyuza ana kodi ya kulipa, na kituo kinaogopa kupiga kisichojulikana. Lakini zamani nako kulikuwa na bendi nyingi zilizofanana, tukazisahau. Zinazokumbukwa ni zile chache zilizojitenga. Tulichopoteza kweli ni ukumbi. Bendi za dansi zilipiga usiku baada ya usiku mbele ya watu walewale, wimbo ukanyooshwa jukwaani muda mrefu kabla ya kurekodiwa Radio Tanzania, na chemko, ile sehemu ya kuchezea, isipowainua wachezaji ikabadilishwa. Mtunzi alikuwa na mahali pa kukosea. Leo wengi hutoa wimbo mtandaoni kabla haujawahi kusikika mbele ya miguu ya mtu.

Mahali pa kukosea hapajatoweka kabisa. Kwenye kigodoro cha uswahilini MC hurusha mstari mpya mbele ya umati. Ukidoda anauacha palepale, ukipokelewa kwa kelele anaurudia shughuli inayofuata, na DJ naye anapimwa vivyo hivyo. Ningependa prodyuza anayelalamika kwamba kila kitu kimeshafanywa aende akasimame huko usiku mmoja, karibu na spika.