Jeshi la Mezani Lina Mwenyewe

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba watu wazima, wenye ndevu na wake, hushinda mezani wakipiganisha visanamu. Na wacheke. Lakini yaliyowapata watu hao mwaka 2015 si ya kuchekwa.

Mchezo wenyewe waitwa Warhammer. Ulitolewa Uingereza mwaka 1983 na Games Workshop, kampuni ambayo makao yake yako Nottingham. Kila mchezaji ana jeshi lake: mashujaa, majoka, mazimwi, mifupa itembeayo. Hapana ubao wa miraba kama wa sataranji. Mwendo hupimwa kwa utepe, na mapigo huamuliwa kwa dadu. (Ya dadu na ya sanamu nawaachia masheikh.)

Walakini utamu hauko katika dadu. Askari hao, kimo chao kama inchi moja, huuzwa vipande vipande, bila rangi. Mwenyewe huviunga kwa gundi, kisha akaketi usiku baada ya usiku na burashi nyembamba, akitia rangi jicho, ngao, upindo wa joho. Jeshi moja laweza kumla miaka. Akimaliza, kila jemadari humpa jina na kisa chake. Aliyewahi kushona kofia ya vito, tundu moja moja, ataelewa nisemalo.

Basi mwaka 2015 kampuni iliuangamiza ulimwengu ule wa hadithi, ikaleta mchezo mwingine, Age of Sigmar, ulioanza na kanuni za kurasa nne tu. Mwenye duka ana haki ya kufunga duka, hilo hatubishi. Lakini ana haki gani kumwambia mtu kuwa kazi ya mikono yake imepitwa na wakati? Mchezaji mmoja alilitia moto jeshi lake kwa uchungu. Wengine walikataa katakata: wakajiandikia kanuni zao, wakazidi kukutana na majeshi yale yale.

Januari 2024 kampuni iliurudisha ulimwengu ule kwa jina la The Old World. Desemba ya mwaka huo huo ikaingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Sisi twaona haikuurudisha kwa huruma. Wale waliokataa kutupa visanamu vyao ndio waliomwonyesha mwenye duka kuwa wanunuzi wangalipo.

Na hata sasa wako wachezao kwa vitabu vya zamani, na askari wa risasi walionunuliwa miaka ya themanini, wala kampuni haina la kuwafanya.