Sio Port ni bandari, tena yafaa kutazamwa

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka pwani aliposikia kwamba naelekea Sio Port, aliniuliza kwa mzaha, "Mwalimu, kama sio bandari, basi ni nini?" Tulicheka sote. Hata hivyo, mzaha huo ulinifuata njia nzima kutoka Busia hadi ufukoni mwa Ziwa Victoria, maana una fikira ambayo wengi wetu tunayo: kwamba pale ni pa kupandia mashua tu, wala hapana la kutazamwa.

Jina hilo halikanushi lolote. Sio ni mto utokao upande wa Mlima Elgon, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda karibu na mwisho wa safari yake, kisha ukaingia Ghuba ya Berkeley. Linganisha na majina mengine yaliyoachwa na wakoloni ziwani humu. Port Victoria ni ya malkia. Port Bell ni ya gavana Hesketh Bell. Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, ilipewa jina la mke wa mhandisi wa reli. Hapa mto wa wenyeji umetangulia, nalo neno la kigeni likafuata nyuma. Kwa mtu wa isimu, hilo si jambo dogo.

Nilikuwa nikingoja mashua ya kwenda Port Victoria, na nahodha alikuwa ameapa kwamba haing'oi nanga kabla ya kujaa. Abiria wenzangu walikaa wakitazama saa. Nilimwendea kijana mmoja aliyekuwa akishona nyavu, nikamuuliza kuna nini cha kuona. "Hapa hakuna kitu, mzee," akanijibu. "Ngoja tu boti ijae."

Jibu hilo ndilo lililonitia simanzi, kwani halikuwa kweli. Hatua chache kutoka alipoketi, akina mama walikuwa wakianika omena, na mmoja wao akanieleza kwa nini usiku wa giza huwa na neema kuliko usiku wa mbalamwezi: omena huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Kando ya mto yalikuwapo mafunjo, makao ya ndege ambao ni nadra kuwaona pengine. Nyuma yetu vilisimama vilima vya Samia, vilivyowapa mababu wa kijana yule mawe ya chuma; majembe yaliyofuliwa na Wasamia yalitafutwa na majirani zao hata kabla ya mzungu kufika.

Na ng'ambo ya ghuba iko Majanji, nchini Uganda, ambako husemwa Kisamia kile kile. Hadi mwaka 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Kisha mpaka ukasogezwa, jamaa wakajikuta raia wa nchi mbili. Ndiyo sababu ukoo mmoja, wa Awori, ulimtoa Moody, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu mwaka 2003, na nduguye Aggrey, aliyewania urais wa Uganda mwaka 2001. Nani asiyetaka kusimuliwa hayo huku akingoja chombo? Lakini sikuona kibao hata kimoja, wala mtu aliyepewa kazi ya kusimulia.

Najua patasemwa kwamba watu wa Sio Port wanahitaji gati, barafu ya kuhifadhia samaki na barabara njema, si wageni wa kutembeatembea. Mahitaji hayo ni ya haki. Ila tukumbuke kwamba reli ya Uganda ilikusudiwa mwanzoni kufika kwenye ghuba hii, ikageuziwa Kisumu, ikafika huko Desemba 1901. Anayengoja jambo kubwa lije kutoka mbali aweza kungoja zaidi ya karne. Saa mbili za msafiri ziko tayari leo, wala hazihitaji saruji.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi humhimiza mgeni apande mashua, kisha tukalalamika kwamba mwenyeji hakupona. Shule za eneo hilo ziwafunze vijana historia ya vilima na maji yao, na serikali ya kaunti iwape idhini na ujira wa kuwatembeza wageni, kwa Kisamia, kwa Kiswahili na kwa lugha yoyote wanayoimudu. La sivyo, majina ya samaki na ya vilima yatazikwa pamoja na wazee, na kijana wa nyavu atakuwa amesema kweli.

Nawe msomaji, ukifika Sio Port, usiketi ukitazama saa. Uliza kilima kile chaitwaje, na ukijibiwa, toa chochote mfukoni.