Shimo Lisilofunikwa



Wapendwa waamini, kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi vinywani mwa viongozi wa taasisi zetu, wawe walei, watawa au mapadre wenzangu, nalo ni hili: "Tovuti yetu haina cha kuibiwa." Husemwa kwa utulivu, kana kwamba ni neno la hekima. Mimi naliona kuwa ni neno la ubinafsi, na juma hili nataka nilipinge bila kumung'unya maneno.

Tovuti nyingi za parokia, shule na zahanati hujengwa kwa WordPress, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2003, kisha huongezewa vipande viitwavyo programu-jalizi: hiki cha fomu ya nia za Misa, kile cha picha, kingine cha kutangaza sherehe. Kila kipande kimeandikwa na mtu tusiyemjua. Baadhi ya vipande hivyo hupokea maandishi ya mgeni yeyote na kuyaweka katika ukurasa bila kuyachuja. Basi mtu mwovu haandiki nia ya Misa, bali huandika amri kwa lugha ya JavaScript. Kivinjari cha msomaji anayefuata hakina njia ya kutambua kwamba amri ile imetoka kwa mpita njia. Huitekeleza kama amri ya mwenye nyumba. Mafundi huiita kasoro hii XSS, na kituo cha CERT cha Marekani kilitoa onyo juu yake tangu Februari 2000. Si jambo geni hata kidogo.

Fikirini sanduku la matangazo kanisani. Tuseme msomaji wetu ana desturi ya kuchukua kila karatasi iliyomo na kuisoma kwa sauti mimbarini (ambapo, nimewakumbusha mara nyingi, si mahali pa matangazo) bila kuangalia nani ameiandika. Siku moja tapeli anatumbukiza karatasi isemayo kwamba paroko anaomba michango ya dharura itumwe kwa namba fulani ya simu. Msomaji anasoma. Watu wanatuma. Je, waliamini tapeli? La, waliamini mimbari. Tapeli hakuhitaji kuvunja mlango wala kugusa sanduku la sadaka. Aliazima sauti yetu tu.

Ndiyo maana kauli ya "haina cha kuibiwa" inanikera. Anayeibiwa si mwenye tovuti. Ni mama aliyefungua ukurasa kutafuta saa ya Misa, akajikuta amepelekwa katika ukurasa wa utapeli unaomtaka aandike neno lake la siri. Na ikitokea kwamba msimamizi mwenyewe ndiye aliyefungua ukurasa ulioambukizwa akiwa ameingia kwa mamlaka yake, amri ile inaweza kutumia mamlaka hayo kumsajili msimamizi mwingine, yaani mwizi. Hapo nyumba nzima imekwenda.

Mwaka 2005 kijana wa miaka 19, Samy Kamkar, alionyesha nguvu ya kasoro hii katika mtandao wa MySpace: kwa muda usiofika siku moja, msimbo wake ulienea katika kurasa za watu zaidi ya milioni 1. Machi 2019 ikaja zamu ya Social Warfare, programu-jalizi ya vitufe vya kushirikisha habari, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 70,000. Wageni wa tovuti zilizoshambuliwa wakaelekezwa kwenye kurasa za hila. Lakini mfano unaoniumiza zaidi ni wa Popup Builder. Kasoro yake ilijulikana mwishoni mwa mwaka 2023, na toleo lililorekebishwa likatolewa bila malipo. Hata hivyo Machi 2024 kampuni ya usalama ya Sucuri iliripoti wimbi jipya lililoambukiza tovuti zaidi ya 3,300 kwa kupitia kasoro ileile. Dawa ilikuwapo. Wenye tovuti hawakuichukua.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamhukumu mtu aliyechimba shimo asilifunike: ng'ombe au punda wa jirani akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Torati haiulizi kama alikusudia mabaya. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapofafanua amri ya saba, inaitaja kazi iliyofanywa vibaya pamoja na rushwa na ukwepaji wa kodi. Wapo watakaosema namwonea mwandishi wa programu, ambaye pengine anajitolea tu. Simsamehi kabisa, kwani kuchuja maandishi ya wageni ni wajibu wa kwanza wa kazi yake. Lakini shimo liko katika kiwanja chetu.

Najibiwa kwamba fundi alikwisha kulipwa. Alilipwa kujenga, nani amelipwa kulinda? Kwa sherehe ya somo wa parokia tunachanga fedha za vitenge bila kusukumwa, ila gharama ya mtu wa kukagua tovuti mara moja kwa juma huonekana anasa. Nakiri kwamba kusasisha huweza kuvuruga mwonekano wa kurasa, na hofu ya mafundi wetu ina msingi. Dawa yake ni kutunza nakala ya akiba kabla ya kusasisha, si kukaa miaka mitatu bila kugusa kitu.

Kwa hiyo nimeiagiza Halmashauri ya Walei ifute kila programu-jalizi isiyotumika, isasishe zinazobaki, na iniletee jina la mtu mmoja, si kamati, atakayeliangalia jambo hili kila Jumatatu. Jina hilo lisipopatikana hadi mwisho wa mwezi, tovuti itafungwa, na ratiba ya Misa mtaisoma katika ubao ulio mlangoni mwa kanisa.

Wenu katika Kristo,
Paroko